Pahoua Aandika Saa Zote

Kila asubuhi Pahoua hubandika sufuria ya wali, kisha huingia chumbani kwa mama mkwe wake, Bibi Blia. Humkalisha. Humwogesha. Humvika. Mwisho humchana nywele, akianzia nchani ili asimwumize.

Wilaya humlipa Pahoua kwa kazi hiyo, ili mzee atunzwe nyumbani kwake. Lakini ni lazima Pahoua aandike kwenye simu saa alizofanya kazi. Kila nusu mwezi anazituma, na Bibi Blia anazithibitisha kwa namba yake ya siri.

Bibi Blia alikuwa na hofu moja.

"Mwanangu, usiandike nyingi," alinong'ona. "Wakijua siwezi kuoga mwenyewe, watanipeleka nyumba ya wazee. Huko nani atanipikia kuku wa mchaichai? Nani atazungumza nami lugha yetu, Kihmong?"

Pahoua naye aliona haya. Mkwe mwema atahesabuje saa za kumwogesha mama? Akaandika za kupika na kufua tu.

Siku moja afisa wa wilaya akapiga simu. "Saa zenu ni chache mno. Inaonekana mama anajiweza. Nitakuja Ijumaa. Huenda tukapunguza saa tunazowalipia."

Pahoua alikaa chini. Saa zikipunguzwa, itabidi arudi kwenye ghala la kufungasha matunda, kutwa nzima. Mama atabaki na nani?

Akaenda kwa jirani yake Kia, anayemtunza mumewe mgonjwa. Alimkuta uani akichuma majani ya haradali.

"Umeandika kupika na kufua tu?" Kia alishangaa. "Kwani mama anaogeshwa na paka?"

Pahoua alicheka huku machozi yakimlengalenga.

"Sikiliza, mdogo wangu. Watu wa wilaya hawapo jikoni kwako. Wanajua kile unachoandika. Kuogesha, kuvisha, kuchana nywele, kumpeleka kwa daktari: kama ofisi imekubali kazi hizo, ziandikie saa. Andika siku ileile, kabla hujasahau. Lakini usiongeze hata kidogo. Mama akilazwa hospitali, saa za huko usiandike. Na namba ya siri aibonyeze mama mwenyewe. Hiyo ndiyo sahihi yake."

"Anaogopa watamchukua, dada."

"Maskini! Saa hizo ndizo zinazomweka nyumbani. Ngoja nije nimwambie."

Kia akagawa haradali yake. Fungu kubwa akambebea Bibi Blia. Akakaa naye kitandani, akamweleza taratibu. Bibi Blia alisikiliza.

Ijumaa afisa alifika pamoja na mkalimani. Bibi Blia alikuwa amevaa vizuri, na mkanda wake wa rangi umefungwa kiunoni.

"Mmekula?" aliwauliza kwanza.

"Tumekula, Bibi, asante. Je, unaoga mwenyewe?"

Pahoua aliinamisha kichwa. Bibi Blia akamtazama mkwe wake, akaitazama mikono ya Pahoua iliyochakaa kwa maji na sabuni.

"Hapana," alisema. "Huyu huniogesha. Hata mkanda huu kanifunga yeye. Nilimkataza kuandika kwa sababu niliogopa."

Afisa alifunga kalamu yake. "Umefanya vema kusema, Bibi. Saa zenu hatutazipunguza. Hakuna atakayekutoa hapa. Ila kuanzia leo, andikeni kazi yote inayofanyika."

Siku hizi Pahoua huandika kila jioni, Bibi Blia akiwa kando yake.

"Umeandika kuoga?"

"Nimeandika, Mama."

"Na nywele?"

"Nywele pia."

"Na zile hadithi zangu, ulizokaa ukasikiliza mpaka chai ikapoa?"

Pahoua akacheka. "Hizo haziandikwi, Mama. Hiyo si kazi."

"Vizuri," alisema Bibi Blia, akajisogeza karibu. "Basi weka simu, nikusimulie nyingine."