Kupaki na Kubaki

Jumamosi, soko la Kericho huwa halina pa kutia mguu. Dorine Ooko, muuza viatu vya mitumba, alikuwa na gauni la njano na ulimi mkali. Kijana mrefu mwenye suruali ya mazoezi iliyochujuka aliinama juu ya rundo lake, akaibuka na kiatu kimoja cha misumari.

“Hii pei kani?”

“Pei sijui. Bei ndiyo najua.”

Wateja wakacheka matamshi hayo. Kijana naye akatabasamu, tabasamu la kumtoa nyoka pangoni, na Dorine akasahau alichotaka kuongeza. Alikuwa Isaiah Kipng'eno wa Chebunyo, mkimbiaji wa mita mia mbili.

“Mia mbili tu? Si nyinyi watu wa huku hukimbia mpaka jua lichoke? Hiyo ni ya kufukuza kuku.”

“Kuku wa kwetu wako na mbio, tata. Nitafutie mwenzake.”

Walifukua rundo mpaka saa sita ndipo mwenzake akapatikana. Tangu hapo Isaiah alikuja kila Jumamosi, awe anahitaji kiatu au asihitaji, na kila jioni simu ya Dorine ililia.

“Ukienda Olimpiki utanisahau,” alimtania.

“Nikusahau aje? Wewe ndio uliniuzia miguu.”

Siku ya mchujo wa Olimpiki jijini Nairobi, simu ililia soko likiwa limechachamaa.

“Dorine,” sauti ya Isaiah ilisema chinichini, “nimepaki.”

Dorine akapiga vigelegele mpaka Wacuka, muuza viazi wa jirani, akaacha mizani yake.

“Nilijua tu, mpenzi! Enda salama! Huku tunasherehekea!”

Simu ikakatika, na haikupatikana tena. Dorine akajiambia kwamba wanariadha wamefungiwa kambini. Olimpiki ilipofika aliketi mbele ya runinga ya Wacuka, akawatazama wakimbiaji wa mia mbili mmoja mmoja. Isaiah hakuwamo. Wiki hiyohiyo mteja wa Chebunyo akamwambia kwamba kijana huyo yuko kwao, anachunga ng'ombe. Dorine alilia, kisha akaifuta namba yake. Angeweza kumpenda mtu aliyeshindwa. Mwongo, hapana.

Mwaka ukapita. Jumamosi moja, viatu vya misumari vilivyolika vikatua mbele yake.

“Naomba zingine,” Isaiah alisema. Alikuwa amekonda. “Nimeanza tena.”

“Waongo siwauzii.”

“Mimi ndio mwongo? Siku niliumia paja, ukanipigia vigelegele. Eti mnasherehekea. Dorine, hiyo iliniuma kuliko paja.”

“Si ulisema umepaki!”

“Ndiyo. Wenzangu wakaenda, mimi nikapaki.”

Dorine akauliza polepole, “Isaiah, siku hiyo ulitia nguo ndani ya sanduku?”

“Sanduku ya nini, na niliachwa?”

“Ulibaki,” alisema Dorine. “Maskini mimi. Ulibaki.”

“Si ndio nilikuambia?”

Wacuka alicheka mpaka akakalia viazi. Dorine alicheka na kulia kwa pamoja, akamshika mkono mbele ya soko zima, wala hakuona haya. Viatu vya siku hiyo hakuvitajia bei.

Miezi miwili baadaye, kwenye mashindano ya taifa, soko lilijibana mbele ya simu ya Wacuka. Isaiah alitoka kwenye kona akiwa wa tatu, akawapita wawili, akakata utepe peke yake. Tiketi ya mashindano ya dunia ikawa yake. Kericho nzima, iliyozoea mbio ndefu, ilishangilia mbio za sekunde ishirini tu.

Siku ya safari alipiga simu.

“Dorine, nimepaki.”

“Usinicheze. Kwa sanduku ama kwa nyumba?”

“Kwa sanduku. Niko uwanja wa ndege.” Akashusha sauti. “Nikirudi nataka wazee waende kwa papa yako. Nataka upaki na mimi.”

“Nipaki nguo, ama nibaki na wewe?”

“Yote.”

“Basi kimbia urudi,” alisema Dorine, na jioni hiyo, akiimba, alianza kulikunja gauni lake la njano.