Aliyekwangua Reli ya Mobeni

Ilikuwa Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, saa kumi na mbili jioni. Tangu saa hiyo sikuweza tena kudanganya.

Nilikuwa nimerudi relini Mobeni kuchukua makoleo tuliyoyaacha nyuma ya ukuta wa ghala. Kazi yetu ni kuondoa majani. Majira haya yanapukutika, treni zinayasaga, yanakuwa utelezi mweusi juu ya chuma, na breki hazishiki. Wengine wanainama kukwangua. Mmoja anasimama na filimbi, anaangalia treni.

Wiki moja kabla, mwenye filimbi nilikuwa mimi. Aliyeinama alikuwa mdogo wangu, Ildephonse.

Treni ilimuua.

Kwenye matanga waliniuliza. Nikasema filimbi nilipiga, ila yeye hakusikia. Mjomba Athanase akamgeukia mjane, Julienne.

"Masikio ya mtu hayazibi bure. Iko mtu ndani ya nyumba alimfunga."

Nilinyamaza. Jumamosi ndugu wangemfukuza kama mchawi, pamoja na mimba yake.

Basi nikaokota koleo la mwisho, na nikasikia...

Kwaru. Kwaru.

Harufu ya majani mabichi yaliyosagwa ikanijaa puani. Mtu alikuwa ameinama relini, amenipa mgongo.

"Toka hapo, ndugu," nikanong'ona. "Treni iko karibu."

"Maliza malaika wako, kaka. Mimi nakwangua tu."

Nikaishika filimbi yangu.

Ni utani wa Ildephonse wa Jumatano ile aliyokufa. Tulikuwa wawili tu, hakuna mwingine aliyeusikia. Saa kumi na mbili ilipofika nilifumba macho nisali Malaika wa Bwana, kama mama alivyotuzoesha. Filimbi ilikuwa mfukoni.

Sasa taa ya treni ikatokea tena kwenye kona. Safari hii nilipiga filimbi mpaka kifua kikauma.

Hakugeuka.

Treni ikapita. Relini hapakuwa na mtu. Chuma kilikuwa kimekwanguliwa, kinang'aa, urefu wa hatua tatu.

Nilipanda teksi mpaka Sydenham, nyumbani kwa marehemu. Julienne alikuwa anafunga nguo zake.

"Shemeji, sikupiga filimbi. Nilifumba macho, nikisali."

Aliacha kufunga nguo.

"Siku saba, shemeji," akasema polepole. "Siku saba wananiita mchawi, na wewe unakula chakula nilichopika. Nenda uwaambie wao. Mimi nilikuwa najua sikumuua."

Niliwaambia wote usiku uleule. Julienne hakufukuzwa. Mjomba Athanase hanisalimu tena, na ana haki.

Lakini msimamizi wetu, Prodige, anasema pale kwenye kona reli inakutwa safi kila asubuhi, na zamu ya usiku hatuna. Saa kumi na mbili nasali macho wazi.

Ee Mungu, mpokee Ildephonse. Mikono yake imechoka, ipumzishe. Usimwache gizani kwa kosa la kaka yake. Amina.