Kadi Sabini za Costansia

Mgahawa wa Costansia uko Kiruruma, kando ya barabara iendayo Kayanga. Chai yake ina tangawizi, na maandazi yake huisha mapema. Mwaka ule wa 1992 alikuwa na shida moja: paa. Nyasi za nyumba yao zilikuwa zimeoza. Ni chumba kimoja tu kilichokuwa hakivuji, na vuli ilikuwa imebakiza miezi michache.

Rwezaura, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kayanga, alimletea ubao wa tangazo na kadi.

"Mpe kadi mtu anayejenga," alisema. "Akifika nayo dukani, nitakulipa shilingi mia."

Costansia alitia sahihi karatasi ya mapatano bila kumaliza kuisoma. Maandazi yalikuwa yanaungua!

Mwezi wa kwanza watu kumi na wawili walikwenda na kadi. Akalipwa elfu moja na mia mbili. Kwa furaha akawasimulia wenzake wa kwaya. Nanyi mnawajua watu wa kwetu: jirani akiwa na shida, hakuna anayekaa nyumbani.

"Tupe hizo kadi," alisema Kemirembe, kiongozi wa kwaya. "Siku ya gulio tutapita kwa Rwezaura, tumsalimie, tumwachie kadi, basi!"

Wakaenda akina mama, waume zao, hata bibi mmoja aliyekuwa anakwenda kung'oa jino. Kadi sabini! Costansia akapiga hesabu: elfu saba. Mwisho wa mwezi akapokea elfu moja na mia nne.

"Nimeibiwa!" alimwambia mumewe, Anastazi. Machozi yalimlengalenga.

"Kaulize kwanza," alisema Anastazi. "Na ile karatasi uichukue."

Dukani alimkuta Joviana, karani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mia yangu kwa kila kadi imegeukaje kuwa ishirini?"

Joviana alimsogezea kigoda. "Keti, mama. Soma mstari wa tatu."

Costansia alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima. Akasoma polepole, kidole kikifuata maneno: "Bei ya kadi itapanda au kushuka kila mwezi, kufuatana na wanaonunua."

"Mwezi wa kwanza walinunua watano kati ya kumi na wawili," alisema Joviana. "Mwezi huu, kati ya sabini, amenunua mmoja. Tena misumari nusu kilo! Siku ile duka lilijaa salamu tupu. Wateja wenye fedha walishindwa kuingia."

"Mawe, mama yangu! Walitaka kunisaidia tu." Costansia aliona aibu.

"Najua, mama. Lakini malipo yako yanatoka kwenye mauzo. Tusipouza, tutayatoa wapi? Fundi Polikarpi wa Kibingo alileta watu kumi tu. Saba walinunua. Yeye analipwa mia tatu kwa kadi."

"Mia tatu! Kadi si ni zilezile?"

"Kadi ni zilezile. Yeye huwapa wanaojenga tu."

"Na yangu itapanda tena?"

"Itapanda, wanunuzi wakiongezeka. Kila mwezi tunahesabu upya."

Costansia alirudi akawaeleza wanakwaya wazi kabisa. Kemirembe alinuna.

"Kumbe msaada wetu haufai?"

"Unafaa, dada yangu. Ila kadi sikupi. Chai nakupa."

Tangu siku hiyo, kabla ya kutoa kadi, aliuliza: "Unajenga? Utaezeka lini?" Ubao akauhamishia karibu na tanuri la matofali. Mwezi ule zilikwenda kadi kumi na mbili tu, na watu tisa walinunua. Bei ikapanda hadi mia tatu, na mwezi uliofuata haikushuka. Akachanganya fedha hizo na akiba ya maandazi, akaenda mwenyewe dukani kununua mabati.

Lori liliyashusha barabarani. Nyumba iko juu, na kilima ni kikali. Anastazi alikuwa bado anakuna kichwa, kwaya nzima ikatokea, Kemirembe mbele, kitambaa kiunoni.

"Na leo utatukataza?" aliuliza.

"Thubutu!" Costansia akacheka mpaka akafuta macho.

Wakayabeba, wawili wawili, wakiimba, na wiki hiyohiyo nyumba ikaezekwa. Jumamosi iliyofuata mvua ya kwanza ilinyesha. Iliwakuta wote ndani, vikombe mkononi, katika chumba kilichokuwa kinavuja kuliko vyote. Hakuna aliyelowa.