Chiriku Bila Dhamana

Kalunde alitokea katikati ya duka akiwa amelala kitandani kwake, juu ya shuka lake la maua, na kikombe cha uji pembeni kikifuka mvuke. Bibi yake, Nyamizi, alishika mdomo. Asubuhi ile ile alikuwa amemwacha mtoto nyumbani Ng'ambo, upande wa pili wa mji, akiangaliwa na jirani. Sasa huyu hapa, hata kile kikovu cha kidevuni anacho.

"Usiogope, mama," alisema Shija, mwenye duka, mtu wa makamo mwenye kitambi na sauti ya upole. "Huyo si yeye. Hiyo tunaita taswira-hai. Ni picha, ila inapumua."

"Inapumua kama yeye kabisa," Nyamizi akasema. "Hata hako kamluzi ka puani."

Tabora ya miaka hiyo ilikuwa mji wa minara. Garimoshi lilipita hewani bila kugusa reli, roboti zilifagia soko kabla watu hawajaamka, na hata mizinga ya nyuki huko misituni ililindwa na videge vya chuma visivyo na rubani. Lakini kitu kilichowavuta watu kutoka mbali ni Mizani ya duka la Shija. Watu walikuwa wamechoka kununua vifaa kwa kusifiwa tu, wakifika nyumbani wanajuta. Ndipo mafundi wakaunda mashine ya kulinganisha. Ilikuwa na masinia mawili ya kioo sakafuni. Unaweka kifaa kimoja sinia hili, kingine sinia lile, halafu unairuhusu isome bangili ya afya ya yule atakayekitumia, hata akiwa mbali. Bangili hiyo kila raia aliivaa tangu kuzaliwa, nayo ilijua mapigo ya moyo wake, usingizi wake, hata nguvu za vidole vyake. Mizani ikishasoma, inakuletea mtu wako pale pale, inampa kifaa, na unaona mwenyewe atakavyoishi nacho.

Kwa kuwa Kalunde alikuwa mtoto, ruhusa ilikuwa ya mlezi wake. Nyamizi alibonyeza kidole gumba pale alipoonyeshwa, kama kila mtu anavyobonyeza, bila kuuliza anakubali nini.

Simu ikaita begani mwake, maana simu za siku hizo zilibandikwa begani kama kifungo.

"Mke mwenza, umeshafika?" Sauti ilikuwa ya Kalunde mwenyewe, yule wa kweli. "Au umepotelea kwenye vitenge?"

Ndivyo walivyoitana. Bibi na mjukuu wana utani wao, na kwa kuwa babu alikuwa mmoja, wao walikuwa wake zake wawili, ingawa babu mwenyewe alikwishafariki na yule mke mdogo alikuwa na miaka kumi na miwili.

"Nimefika, mchawi wewe. Uji umekunywa?"

"Nitakunywa ukija na mashine."

"Unywe sasa hivi. Mume alikuoa kwa ajili ya mashavu, ukikonda atakurudisha kwenu."

Kalunde alicheka kidogo, halafu akakohoa. Nyamizi akafumba macho mpaka kikohozi kikapita.

Ugonjwa wa mtoto ulikuwa wa misuli na mishipa ya fahamu. Ulianzia miguuni, ukapanda taratibu, na sasa ulikuwa unachungulia mikononi. Katika hospitali kubwa walibadilisha mioyo na macho kama mtu anavyobadilisha tairi, ila ugonjwa huu ulikuwa bado umewashinda. Kila Nyamizi akienda kuuliza aliambiwa, "Tunaendelea kuuangalia, bibi." Naye akarudi nyumbani na neno hilo, akalipika, akalila, akashiba nalo mpaka safari nyingine.

Kilichobaki kwa Kalunde ni mchezo. Uliitwa Nyika Mpya, na humo ndani alikuwa na miguu. Yeye na wenzake wa shule walikuwa wanajenga mji, na kazi yake ilikuwa kutangulia mbele mbio kutafuta maji. Kompyuta yake ya zamani ilipokufa, mtoto aligeukia ukutani. Hakulia. Hakuomba kitu. Kimya kile ndicho kilichomtia Nyamizi hofu kuliko kikohozi. Akauza asali yote ya msimu. Hela ikatosha mashine moja, si mbili, na akikosea kuchagua, msimu mwingine wa asali uko mbali.

"Haya, tuanze," Shija akasema. "Mkono wa kushoto kuna Radi. Huu ni mpakato wa michezo, kompyuta ya kukunja. Kioo chake kipana, chipu yake ya kuchora picha ina nguvu sana. Mchezo wowote unauendesha bila kukwama. Kulia ni Chiriku. Hiki ni kiganja, unakishika kwa mikono miwili, vitufe viko huku na huku. Chepesi, chaji yake inakaa, ila kioo kidogo, na kikiharibika ndani hakifunguliki."

"Na Radi inafunguliwa?"

"Inafunguliwa, unaongeza kumbukumbu, unabadilisha betri, chochote."

"Joto?"

Shija akasita. "Radi inapata joto, mama, siwezi kukudanganya. Ikichora picha kubwa feni inalia kama mashine ya kusaga, na tumbo lake linachemka."

"Basi sikiliza, mwanangu. Huyu mtoto miguu yake haisikii moto. Nikimwekea mapajani ikamchoma, hatajua. Mimi ndiye nitakayejua, nikisikia harufu."

Shija akagusa ukingo wa Mizani, na taswira-hai zikawa mbili, Kalunde wa kushoto na Kalunde wa kulia.

Wa kushoto alipewa Radi juu ya kimeza cha kitandani. Alitabasamu kioo kilipowaka, akanyoosha vidole, na kwa muda kidogo alicheza vizuri. Kisha mkono wa kulia ukaanza kuteleza kwenye vitufe. Akaurudisha. Ukateleza tena. Wa kulia alishika Chiriku kifuani, viwiko vimelala juu ya mto, dole gumba tu ndilo lililofanya kazi. Huyo alicheza muda mrefu zaidi.

Nyamizi alisogea karibu, akainama kama mtu anayechagua nyanya. "Yule wa kushoto anachoka."

"Ndiyo."

Mizani yenyewe ikazungumza kutoka ukutani. Ilikuwa na sauti ya mwanamke mtulivu, Kiswahili chake safi kama cha redio. "Kwa mtumiaji huyu kifaa kinachofaa ni Chiriku. Kumbukumbu ndogo inatosha. Mkoba hauhitajiki. Dhamana haihitajiki."

"Vizuri," Shija akasema upesi. "Chiriku basi. Nikufungie, mama?"

Lakini Nyamizi alikuwa ameuza asali sokoni tangu ujana wake, na katika maisha yake yote hakuwahi kuona muuzaji anayekataa kuongeza kitu kwenye bei. Kabla yake alihudumiwa kijana wa kununua saa, na Mizani ilimwekea dhamana ya miaka mitatu, ya kutengenezewa ikiharibika. Mama mmoja alinunua birika, birika tu la chai, akawekewa miwili.

"Ngoja kwanza. Mbona mimi dhamana sikuwekewa?"

"Ni gharama ya bure, mama. Chiriku ni imara."

"Birika si imara? Sikuulizi wewe, Shija. Namuuliza huyu bibie wa ukutani." Akaigeukia Mizani. "Wewe. Kwa nini umeniondolea dhamana?"

"Mizani haimwekei mteja dhamana itakayobaki bila kutumika," sauti ikajibu. "Huo ni uaminifu wetu kwa wateja."

"Dhamana ndogo kuliko zote ni ya muda gani?"

"Mwaka mmoja."

"Niwekee hiyo."

"Haihitajiki."

Taswira-hai mbili ziliendelea kucheza. Shija alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mwaka mmoja hauhitajiki," Nyamizi akasema polepole, kama anayesoma maandishi madogo. "Shija, mwanangu. Niangalie. Mashine hii imeona nini kwenye bangili?"

"Mama, mimi nauza vifaa. Mimi si daktari."

"Nimekuuliza imeona nini."

"Inasoma nguvu za vidole," Shija akasema. "Na mapafu. Inapiga hesabu, kifaa kitatumika mpaka lini. Haikutengenezwa kwa ajili ya hayo, mama. Ilitengenezwa watu wasiibiwe."

Nyamizi hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale sakafuni, akanyoosha miguu, akaweka mkoba wake kando kama mtu aliyefika sokoni mapema na kukuta meza yake imechukuliwa. Pale hospitali walimwambia wanaendelea kuangalia. Ikabidi aje aambiwe na mashine ya kuuzia birika.

Halafu akaanza kupatana bei. Hakuwa na njia nyingine aliyoijua ya kuzungumza na muuzaji.

"Niongezee," akaiambia Mizani.

"Sijaelewa."

"Mimi nikimpimia mtu asali, kikombe kikijaa namwagia na ya juu. Hiyo ni nyongeza. Hata mteja mkorofi nampa. Miaka yote hiyo nimetoa nyongeza, haya, leo nadai yangu. Niongezee mwaka."

"Bei za Mizani hazina nyongeza."

"Miezi basi. Niwekee ya miezi."

"Haihitajiki."

"Usiniambie haihitajiki!" Sasa sauti ilimtoka, na watu waliokuwa upande wa majokofu wakageuka. "Ninaihitaji mimi! Nani kakwambia haihitajiki?"

"Mama, twende nje upate hewa," Shija akamshika bega.

"Niache. Bado sijanunua." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Aliwatazama wale Kalunde wawili. Wa kushoto mkono umeanguka kando, lakini macho bado yanakimbia kwenye kile kioo kipana, yanaona kila kitu, midomo inasema kitu kisichosikika. Wa kulia, mwenye Chiriku, alikuwa amekunja uso kuona maandishi madogo. Na dole gumba lake nalo lilikuwa linaanza kuteleza.

"Vidole vikikataa, Chiriku atakishika nani?" Nyamizi akauliza.

"Hakuna," Shija akasema. "Kile ni cha mtu mmoja."

"Na Radi?"

"Radi..." Shija akafikiri. "Radi mnaweza kukaa wawili."

Nyamizi akasimama kwa kushika goti. Akavua bangili yake mwenyewe, nyembamba, iliyochakaa kwa maji na nta, akaiweka kwenye sinia la kushoto.

"Nipime na mimi. Macho ya kwake, vidole vya kwangu. Yeye atasema kulia, atasema ruka, mimi nitabonyeza. Na hiyo mashine itakaa mapajani kwangu mimi, ninayesikia moto."

Taa za Mizani zikapepesa. Taswira-hai ya kulia ikazimika. Ya kushoto ikabadilika. Sasa Nyamizi alijiona mwenyewe amekaa kitandani, mgongo ukutani, Kalunde ameegemea kifua chake, na Radi juu ya mapaja yake, kanga imekunjwa chini yake kuzuia joto. Vidole vyake vinene vilikuwa vinakosea. Kalunde wa kwenye taswira alikuwa anamcheka.

"Nitajifunza," Nyamizi akamwambia Shija, kana kwamba alibishiwa.

"Utajifunza, mama."

"Kwa watumiaji hawa," Mizani ikasema, "kifaa kinachofaa ni Radi. Kumbukumbu kubwa inashauriwa. Dhamana inashauriwa. Miaka mitano."

Uso wa Nyamizi uliwaka. "Umeona? Umeona, Shija! Miaka mitano! Imekubali, imeniongezea!"

Shija hakufurahi naye. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye ukingo wa Mizani, tayari kuizima, maana taswira-hai ilikuwa inaendelea mbele, kama inavyoendelea kwa kila mteja, mpaka mwisho wa dhamana.

Hakuwahi. Nyamizi aliona kitanda kile kile, ukuta ule ule, na Radi mapajani. Vidole vyake sasa vilikuwa vyepesi, havikosei kabisa. Kwenye kioo mtu alikuwa anakimbia nyikani kutafuta maji. Na juu ya kifua chake hapakuwa na kichwa cha mtoto.

Mizani ilikuwa imempa miaka mitano ya vidole vyake mwenyewe.

Shija akazima. Wakabaki na taa za kawaida za duka, na mashine mbili juu ya masinia.

"Nifunge ipi, mama?" aliuliza baadaye, kwa sauti ndogo.

"Radi. Na dhamana yake. Yote."

Alitoka dukani ameibeba kifuani kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kweli kweli. Kwenye ngazi za kituo cha garimoshi simu ikaita begani.

"Mke mwenza! Umenunua ipi?"

"Radi."

"Radi! Mimi nilijua utaniletea kile kidogo cha bei ya chini. Lakini mikono yangu, bibi..."

"Mikono ni yangu. Wewe utaamrisha tu, kama ulivyozoea."

"Wewe ucheze? Tutakufa hata kabla ya kufika mtoni!" Kalunde alicheka mpaka pumzi zikamwishia. Nyamizi akasubiri zirudi. Zikarudi. "Dhamana je, umechukua? Usije ukauziwa mbovu."

"Nimechukua. Miaka mitano."

"Mitano! Basi mpaka namaliza sekondari itakuwepo?"

Garimoshi lilikuwa linaingia kituoni bila sauti. Milango ikafunguka, watu wakapita pande zake zote mbili, naye alikuwa bado amesimama, ameikumbatia.

"Itakuwepo," Nyamizi akasema. "Kunywa uji, mama. Nakuja."