Chano cha Maini

Kama unakula, maliza kwanza, au weka sahani kando. Kilichompata Lusungu si cha kusimuliwa mezani.

Kilianza na harufu. Jumatatu asubuhi Khulud aliinama karibu naye ili watazame picha kwenye kompyuta, na pumzi ya mwenzake ikampiga usoni: yai viza. Akadhani hajapiga mswaki. Akampa peremende, akasogeza kiti. Lusungu aliitafuna peremende, akaimeza, kisha akaanza kulamba karatasi yake.

Walikuwa wamepanga chumba kimoja Boko, uani kwa mwalimu mstaafu, na humo walitengeneza filamu ya kuchorwa kwa mkono. Khulud alichora kwa rangi juu ya kioo. Lusungu, aliyekuwa ameifunga kamera yake juu ya meza ikitazama chini, alipiga picha moja. Khulud akafuta kidogo kwa kitambaa, akachora tena, ikapigwa nyingine. Picha nane zilitoa sekunde moja. Miezi saba ilikuwa imewapa dakika nane tu, na dakika hizo zilikuwa zionyeshwe Jumamosi kwenye maonyesho ya sanaa Kinondoni. Hawakuwa na kazi nyingine ya kujivunia, wote wawili.

Hadithi yao ilihusu jini lililoalikwa kula. Khulud hawezi kuchora chakula bila kukiona, kwa hiyo wiki iliyotangulia aliandaa chano kamili, sinia lile ambalo shangazi zake walikuwa wakiwaandalia wenye pepo: halua, asali, marashi, mayai mabichi, na maini ya mbuzi yanayochuruzika damu. Hata ubani alichoma, eti moshi uonekane vizuri kwenye picha. Ubani ndio mwaliko wenyewe, na yeye, mtoto wa Kiarabu wa Temeke, alilijua hilo tangu yuko mdogo. Ila aliona haya kuonekana mshamba mbele ya mtu wa filamu. Walipomaliza, Lusungu, aliyelelewa Makambako katika nyumba ambayo chakula hakitupwi, alikula halua yote, akakaanga maini pamoja na mayai, akapangusa sinia kwa mkate. Khulud alimtazama akila. Akanyamaza, mjinga yule.

Jumanne Lusungu alikula sahani tatu za wali na hakushiba. Jumatano, saa sita mchana, Khulud alimkuta akifyonza kitambaa cha kufutia rangi, uwekundu ukimtiririka kidevuni mpaka kwenye fulana, macho ameyafumba kwa utamu. Alipomnyang'anya, Lusungu alitapika ndooni ute wa yai, mbichi kabisa, wenye nywele ndefu nyeusi ndani yake, na yeye kichwa chake amekinyoa. Akafunga mdomo, na hapo ndipo Khulud aliposikia mtu akitafuna, kwa mate mengi, bila haraka, kama kibogoyo anayehangaika na kipande cha nyama, na sauti haikutoka mdomoni mwa Lusungu wala nje dirishani bali chini ya fulana yake, tumboni, ambako ngozi ilikuwa ikipanda na kushuka kwa kila mtafuno, mpaka Khulud naye akahisi mate yanamjaa na akakimbilia nje kuyatema.

Alhamisi mchana alimleta shangazi yake kutoka Temeke, Bi Hayat, ambaye zamani aliwapunga watu pepo na akaacha kwa sababu ya magoti. Lusungu alimwamkia shikamoo, na Bi Hayat akaziba pua kabla hajaitikia. Alimlaza mkekani, akamfukiza, akauliza kwa sauti ya chini aliyemo ni nani na anataka nini. Jibu lilikuja bila midomo ya Lusungu kucheza.

"Niliitwa mezani, nikaketi. Huyu akala chakula changu. Basi nami nakulia humu alimokitia."

"Utatoka lini?"

"Mmenichora nikila. Picha ile ikiwepo, nami nipo. Ifuteni, niondoke. Msipoifuta, nitamla huyu mpaka nimmalize. Au anipe meza kubwa zaidi."

Bi Hayat alijifuta jasho. Akawaambia wamshukuru Mungu, kuna majini hudai damu ya ndugu, na hili linadai picha tu. Lusungu alikuwa analia pale mkekani.

"Miezi saba, Khulud," alinong'ona. "Mie sina kitu kingine."

"Una roho yako," Khulud alimjibu. "Futa."

Ijumaa Lusungu alifuta, na kazi yote ikapotea kwenye kompyuta huku Khulud, amesimama nyuma yake, akiuma kanga. Tumbo la Lusungu liliendelea kutafuna. Khulud alijiambia kuwa labda mgeni anafunga mizigo, akarudi kwao Temeke kulala.

Jumamosi saa tisa alasiri Monica, msimamizi wa maonyesho, alimpigia kumuuliza yuko wapi, maana filamu inakaribia kuanza na mwenzake ameshafika. Filamu gani, Khulud akauliza. Monica akacheka. Ile aliyoituma Lusungu Alhamisi jioni.

Alhamisi jioni, yaani baada ya kusikia masharti yote kwa masikio yake mwenyewe.

Alipoingia ukumbini taa zilikuwa zimezimwa na watu kama sitini walikuwa wameketi kimya wakitazama ukutani, ambako jini lake la rangi lilikuwa likivuta maini kwa meno, meno ambayo yeye hakuyachora, na alipopita katikati ya viti akimtafuta mwenye mtambo aizime, alisikia tumbo la kwanza, la mzee mmoja mwenye suti, kisha la binti aliyekuwa pembeni yake, kisha safu nzima, matumbo yote yakitafuna kwa pamoja, yenye mate, yasiyo na haraka, huku vinywa vimefungwa na nyuso zimetulia kwa raha.

Lusungu alikuwa safu ya mbele. Alimshika Khulud mkono, akauweka juu ya tumbo lake. Lilikuwa kimya na baridi.

"Nimepona, sista," alisema.

Khulud aliuchomoa mkono na kuupangusa kwenye nguo. Jini lilikuwa limemtisha, ila kinyaa alikiona kwa huyu.

Taa ziliwaka, watu wakapiga makofi. Monica alisimama, akajifuta ute uliokuwa ukimshuka pembeni mwa mdomo, akaomba irudiwe tena, maana kuna wageni wengine wanaingia. Lusungu akainuka kwenda kuiwasha.