Patasi Iliyofuata Nyuzi

Kabati lilikutwa limelala chali katikati ya karakana, milango imeng'olewa, uso wake wote umechimbwa kwa patasi. Jumapili ile ya mwaka 1993, watu wakiwa misani, mtu aliingia kwa Hosea fundi hapa Moshi na kuua kazi ya miezi miwili.

"Una adui?" Inspekta Eliona aliuliza.

"Khamisi wa duka la sofa. Juzi alisema mbele ya watu kwamba kabati hili ni kuni."

Khamisi, aliyeleta makochi kutoka Kenya kupitia mpaka wa Holili, tayari alikuwa mahabusu. Koplo alimkamata kabla hata ya kumuuliza swali. Na Hosea, maskini, hakuwa na pa kuweka uso. Kabati lilikuwa la Mama Dominika wa Kibosho, na Jumamosi lilipaswa kuondoka na bintiye kama zawadi ya harusi.

Inspekta hakuwa na pupa. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mitaro ile. Yote ilikwenda juu hadi chini, ikifuata nyuzi za mbao ya mninga. Hakuna hata mmoja uliokatisha. Ila kila mmoja uliyumbayumba.

"Mleteni Khamisi."

Alipoletwa, Inspekta alimpa patasi, nyundo na kipande cha mbao. "Chimba. Kwa hasira."

Khamisi alipiga kwa kukingamisha nyuzi. Mbao ilichanika ovyo, patasi nusura imkate kidole.

"Afande, mimi nauza sponji," alilalamika.

"Nenda nyumbani."

Kisha Inspekta akamgeukia Hosea. "Aliyefanya hivi ni fundi, na mkono wake unatetemeka. Unamjua."

Hosea aliinama kuokota bawaba sakafuni.

"Umemjua toka ulipofungua mlango. Ulikuwa radhi Khamisi alale ndani?"

"Afande, yule alinilea, akanifundisha kazi hii."

Kikulacho ki nguoni mwako. Ila Hosea alikuwa amekiona, akakifunika.

Mzee Remigius walimkuta barazani kwake Kiboriloni, mikono mifukoni mwa koti ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Leo hukuonekana misani."

"Sikwenda."

"Naomba nione mikono yako."

Aliitoa. Ilitetemeka, na polishi ilikuwa imeganda chini ya kucha. Inspekta alimpa onyo kwamba halazimiki kusema lolote. Mzee alisema yote.

"Kabati lile nililitengeneza mimi, mwaka sitini na mbili, la harusi ya Dominika mwenyewe. Lilipoharibika akampelekea huyu Hosea alitengeneze upya. Mama huyo alipita hapa hapa na mkokoteni, akanisalimia."

"Pengine alikuonea huruma."

"Ndiyo iliyonichoma, huruma yake."

"Kwa hiyo ni wivu."

"Wivu. Andika hivyo hivyo. Lakini sikwenda kuharibu, afande. Nilikwenda kutafuta kosa. Ningepata moja tu, ningerudi nikakaa kwa amani. Nikapapasa kila kiungo, nikanusa hata gundi. Hakuna. Hata mimi sikulifanya zuri vile. Ndipo nikaiona patasi."

Hosea alikuwa amesimama nyuma ya Inspekta, macho yamelowa.

"Mzee, ungekatisha nyuzi kweli lingekuwa kuni. Hivi ulivyofuata, nikilipiga randa litapona kabla ya Jumamosi."

"Nilijaribu kukatisha," Mzee Remigius alisema. "Mara tatu nilijaribu. Mkono ulikataa."

Aliinuka mwenyewe, akanyoosha mikono ivishwe pingu. Koplo alisitasita, maana ilikuwa mikono ya babu. Inspekta akatikisa kichwa, pingu zikarudi mfukoni.

Walipofika kwenye Landrova, mzee aligeuka.

"Ukilipiga randa, anzia kulia. Kushoto kuna jicho la mbao."

"Najua, mzee."

"Najua kwamba unajua," alisema, akapanda gari bila kumtazama. "Hilo ndilo lililonileta hapa."