Chupa Ilijaa, Mwanangu Alikuwa na Njaa

Mwanangu alikuwa anakufa kwa njaa huku daftari langu likionyesha kwamba ameshiba.

Ndiyo, wasomaji wenzangu, mmesoma sawasawa. Kila siku niliandika saa aliyokunywa na kiasi alichokunywa. Mwandiko safi, mistari imenyooka. Na kila mwezi mtoto alizidi kuwa mwepesi mikononi mwangu... Ilikuwaje? Nitaeleza kwa mpangilio, wala sitajificha nyuma ya mtu.

Nina umri wa miaka ishirini na tisa. Nilizaliwa Tlawi, kule juu Mbulu, kwa wazazi wakulima wenye ng'ombe wachache na shamba la mahindi na maharage. Nilipomaliza shule nilipata kazi kwenye mashamba ya ngano ya serikali, huku chini Hanang. Nikawa karani wa mizani. Gunia linapita, napima, naandika. Lori linapita, napima, naandika. Kwangu mimi, kitu kilichoandikwa kilikuwa kweli, na kisichoandikwa kilikuwa maneno ya watu tu.

Hukohuko nikaolewa na fundi wa kombaini za kuvunia ngano, kijana wa Mbulu kama mimi. Nitamwita Gwandu. Alijua Kiingereza cha kusoma vitabu vya mashine, naye alipenda watu wajue kwamba anajua. Tukapewa kota ya vyumba viwili. Baada ya mwaka mmoja akazaliwa binti yetu, Theresia.

Mama yangu alishuka kutoka Tlawi na vitu vya mtoto. Alileta mbeleko ya ngozi ya kondoo aliyoilainisha kwa mikono yake mpaka ikawa kama kitambaa. Alileta kikombe kidogo cha bati, kijiko, na kibuyu cha maziwa. Akavipanga juu ya kitanda kimoja kimoja, anavitazama kama mtu aliyeleta mahari.

Siku hiyohiyo Gwandu naye akaingia na vyake. Mtaalamu mmoja wa kigeni alikuwa anarudi kwao, na vitu vya nyumbani kwake viligawanywa kwa wafanyakazi. Gwandu alipata kitanda cha mtoto chenye fito pembeni na chupa ya kunyonyea yenye chuchu ya mpira. Chupa ile ilikuwa na alama za vipimo ubavuni!

Wasomaji, mimi ni mtu wa mizani. Nilipoziona zile alama moyo wangu ulitekwa.

Mama aliishika, akaigeuza, akaingiza kidole, kikakwama. Akaniuliza, "Hii unaifukiza vipi?"

Kwetu kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa maji peke yake. Unaingiza kijinga cha moto, unatikisa, moshi unaingia kila kona, ndipo maziwa yanakaa bila kuharibika. Nilicheka. Nikamwambia, "Haifukizwi, mama. Itayeyuka."

"Kitu kinachoogopa moto ndicho unampa mtoto?"

Gwandu akadakia, "Mama, hiyo ni ya kisasa. Wazungu wote wamekulia hiyo, na tazama walivyo warefu!"

Mama hakucheka. Alipanda lori la kurudi Mbulu siku ya pili. Nami mbeleko, kikombe, kijiko na kibuyu nikavisukuma chini ya kitanda. Niliona haya. Wake za mafundi waje kumtazama mtoto waone kibuyu? Mimi, karani?

Msimu wa mavuno ulipofika ilinibidi nirudi kazini. Malori yalipanga mstari tangu asubuhi, nami nilirudi kota giza linaingia. Maziwa yangu yakapungua. Mtoto nilimwachia Paulina.

Paulina alikuwa rafiki yangu. Alitoka Masieda, alikuja mashambani kutafuta kibarua cha kusafisha mbegu, akakikosa. Nilimkaribisha kwangu akae na mtoto mpaka apate. Alikuwa msichana wa maneno machache na mikono yenye kazi. Theresia akimwona anapiga kelele za furaha hata kabla hajatuona sisi wazazi wake.

Maziwa ya kopo hayakuuzwa ovyo siku zile. Mfanyakazi mwenye mtoto mchanga alipewa kibali na ofisi, na kwa kibali hicho duka la shamba lilimpa makopo mawili kwa mwezi. Kibali chetu kiliandikwa jina la Gwandu. Maelezo ya kopo yalikuwa ya Kiingereza, akatusomea yeye: chupa ikijaa, vijiko vinne. Nikamwonyesha Paulina. Kila kopo jipya nililiandika kifunikoni kwa kalamu nyekundu ya magunia: jina la mtoto na namba ya kopo. Tere 1. Tere 2. Namba saba huwa naikata katikati, ndivyo tulivyofundishwa kwenye mizani ili isifanane na moja.

Jioni ningemuuliza Paulina, mtoto amekunywa chupa ngapi, mpaka alama ipi? Ananijibu. Naandika. Nalala usingizi mzuri.

Lakini kadi ya kliniki ilikuwa na daftari lake! Mtoto alipofika miezi minne mstari wa uzito ulilala. Mwezi wa tano ukashuka. Shavu likaingia ndani, kitako kikawa na mikunjo kama cha bibi kizee. Kilio chenyewe kikawa chembamba... Nikampelekea nesi daftari langu. Nilijivuna nikimwonyesha kila chupa na saa yake.

Nesi yule alikuwa mama mtu mzima, hana haraka. Alisoma kurasa mbili, akanitazama juu ya miwani.

"Umeandika vizuri sana, mama. Lakini umeandika maji."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba alama za chupa zinaonyesha ujazo tu, hazijui kilichomo. Akaniuliza chupa nilikuwa naiosha vipi. Nikasema kwa maji ya ndoo, naziba mdomo kwa kidole gumba, natikisa. Hukuichemsha? Sikuichemsha. Na chuchu? Nayo vivyo hivyo... Nikakumbuka kidole cha mama kilivyokwama.

Kesho yake nikafanya kile ninachokijua. Nilichukua kopo la saba asubuhi, nikalipima kwenye mizani ndogo ya sampuli za mbegu. Siku ya tatu nikalipima tena. Wasomaji, unga ulikuwa umepungua kama wa mtoto anayekula akashiba na kubakiza! Sasa kopo linapungua, na mtoto anapungua. Unga unakwenda wapi?

Nani anashinda na kopo? Paulina!

Sikungoja nipoe. Nilimwita mwizi nikiwa bado mlangoni. Majirani walitoka nje. Nilimuuliza anamuuzia nani maziwa ya mwanangu. Alisimama na Theresia mgongoni.

"Mama Tere, mimi naweka kijiko kimoja. Shemeji aliniambia ni wewe umesema kimoja kinatosha, kopo lifike mwisho wa mwezi."

"Usimsingizie mume wangu!"

"Muulize."

Gwandu alikuwa ndani, anakunywa chai. Hakuinuka. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mwizi atasema nini kingine?"

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo ni langu peke yangu. Nilimtupia Paulina mfuko wake nje. Alimfungua mtoto mgongoni, akanikabidhi, akasahau hata kanga yake aliyombebea. Alipofika njiani aligeuka. Hakunitukana. Alisema:

"Wewe unaandika kila kitu. Mbona mimi hukuniuliza ndipo uniandike mwizi?"

Akaenda.

Wiki mbili baadaye dawa ya chanjo iliisha kwenye zahanati ya shamba, tukaambiwa tupeleke watoto Katesh. Nilikaa kwenye benchi la kliniki, mlima uko juu yetu umefunikwa na mawingu, baridi inaingia mifupani. Pembeni yangu alikaa msichana mwenye mtoto wa kiume. Mtoto mwembamba kama wangu! Alikuwa anatafuna kifuniko cha kopo kama mchezo.

Kifuniko kilimponyoka, kikabingirika mpaka miguuni pangu. Nikakiokota.

Tere 7.

Saba iliyokatwa katikati. Kwa kalamu nyekundu.

Kopo lile lilipokwisha nililitafuta, na Gwandu aliniambia amelipeleka karakana kuwekea nati. Nati! Lakini sikupiga kelele. Nilishapiga kelele mara moja bila kuuliza, na nilijua nilichovuna. Safari hii niliuliza. Nilimsifia mtoto, nikamuuliza baba yake anafanya kazi wapi.

"Mashamba ya ngano, dada. Ni fundi wa kombaini," alisema kwa fahari. "Gwandu. Hana mke. Kota ikipatikana atatuchukua. Anatuletea maziwa kila wiki, hajakosa hata mara moja."

Hajakosa hata mara moja...

Kibali kilikuwa cha mtoto mmoja. Watoto walikuwa wawili. Kila mchana Gwandu alitoka karakana kuja kula, na Paulina akitoka kuanika nepi, yeye anachota. Ili mimi nisione kopo linaisha mapema, akapunguza vijiko vya binti yake mwenyewe, akaweka agizo hilo kinywani mwangu. Na sehemu aliyoipeleka Katesh nayo haikutosha. Kopo moja, watoto wawili, hakuna aliyeshiba.

Nilimwambia yule msichana mimi ni nani. Alilia mpaka akashindwa kusimama. Ningempiga? Kwa lipi? Alikuwa amedanganywa kama mimi, tena yeye hakuwa hata na mizani ya kumsaidia. Nilimwonyesha kwenye kadi yangu mstari ulipolala, naye akafungua yake. Mistari miwili ilishuka pamoja kama ng'ombe wa nira moja.

Jioni ile niliweka kifuniko mezani mbele ya Gwandu. Alikitazama. Kwanza alicheka, halafu akakasirika.

"Wewe na mizani yako!"

"Ndiyo," nilimwambia, "mimi na mizani yangu."

"Utaenda wapi? Urudi Tlawi ukapalilie maharage ya mama yako?"

"Nikitaka, nitayapalilia. Lakini kesho saa moja na nusu nitakuwa kazini."

"Mwezi hautaisha, utanipigia magoti."

Nilipiga magoti hapohapo, wasomaji, ila si kwake! Niliinama nikavuta vitu vya mama kutoka chini ya kitanda. Mbeleko. Kikombe cha bati. Kijiko. Kibuyu. Nikambeba Theresia kwa ngozi ile ya kondoo, nikahamia chumba kimoja kwenye nyumba ya wafanyakazi wanawake. Kitanda cha fito na chupa nilimwachia. Nasikia kile kitanda sasa anawekea vipuri.

Asubuhi nilikwenda ofisini, nikaomba kibali kiandikwe kwa jina langu. Bwana mmoja akaniambia mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Nikaweka mezani kadi ya mtoto na daftari langu lote, nikasimama. Nilisimama mpaka alipoandika.

Wapo walionishauri ninyamaze. Kina mama wa jumuiya walisema mwanamke hatangazi ya ndani. Mimi natangaza! Nimeshanyamaza nikiandika maji zaidi ya miezi mitatu, inatosha.

Theresia alipona. Nilimnywesha kwa kikombe na kijiko, taratibu, uji wa ulezi wenye maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, na maziwa yangu mwenyewe alfajiri na jioni, maana kadiri alivyonyonya ndivyo yalivyorudi. Mama alishuka tena, akae naye nikiwa kazini. Aliona kikombe kinatumika. Alichukua mtoto tu, akamweka mgongoni. Leo Theresia yuko darasa la kwanza, anakimbia kuliko wavulana.

Kwa hiyo wewe dada unayesubiri mtoto, na mume au shoga yako anakuletea vitu vinavyong'aa, nisikilize. Chagua chombo unachoweza kuingiza vidole viwili na kukisugua mpaka chini. Chagua kikombe kipana na kijiko, na sufuria yenye mfuniko ya kuvichemshia. Chagua mbeleko, maana mtoto aliye mgongoni mwako utajua uzito wake bila kuambiwa na mtu. Ukilazimika kutumia chupa, ichemshe pamoja na chuchu yake, na vijiko uhesabu kwa macho yako. Usipende chombo kwa sababu kina namba. Na usimhukumu anayekulelea mtoto kabla hujakaa chini ukamuuliza.

Mimi sijutii kuachana na Gwandu, hata kidogo. Kinachoniuma ni kile kipande cha njia mbele ya kota, na msichana aliyegeuka akasema neno la haki nisimsikie.

Nilimwandikia Paulina barua tatu kupitia parokia ya kwao, Masieda. Niliandika kila kitu: kifuniko, Katesh, kijiko kimoja, na kwamba alisema kweli. Kanga yake nimeifua, iko kwenye msumari nyuma ya mlango.

Barua ya kwanza ilirudi, imeandikwa juu yake kwamba hayupo. Nyingine mbili hazijarudi.